Kochi Halinenepi

Jumanne, 4 Machi

Amerudi! Wiki sita hospitalini, na jana saa kumi alasiri mke wangu kaingia kwa mlango wake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe. Nilitaka kumbeba kutoka kwenye teksi. Alinitazama tu. Nikarudisha mikono mfukoni.

Daftari hili ni la vipimo vya makochi. Kurasa za mbele zimejaa urefu wa mito na upana wa migongo ya viti. Basi naanzia nyuma. Mambo mazuri nikiyaacha kichwani yanachanganyika na habari za springi.

Leo asubuhi kafungua kabati, kavaa koti lake la kazini, lile zito la ghala la matunda, kule kwenye chumba cha baridi anakokagua maboksi. Koti likasimama wima, yeye akapotea ndani. "Fundi, niko wapi?" akauliza huku anacheka. Nikacheka na mimi. Halafu nikatoka nje kukagua bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Daktari anasema utumbo umepona, mshono umekauka, sasa kazi ni kula. Ana kilo arobaini na nne. Akifika hamsini na tano atamruhusu kurudi kazini. Ghala wamemwekea nafasi yake mpaka tarehe mbili Juni.

Uchovu haumtishi. Baridi ndiyo inamtisha. Anasema siku hizi baridi haipiti kwenye ngozi, inapiga hodi kwenye mfupa moja kwa moja. Na masweta ya dukani? Ya wakubwa yanampwaya, ya watoto mikono mifupi, na yote yanamwasha shingoni.

Nimewaza hilo njia nzima hadi karakana.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja mwenye duka la nyuzi la mtaa wa pili. Sisi tunamwita Mama Nyuzi. Kaleta kiti chake cha kukalia dukani. Springi imetoboa kitambaa na, kwa maneno yake, inamchoma mahali ambapo hawezi kumwonyesha fundi. Akakaa kwenye kochi la mteja mwingine kungoja, akatoa sindano mbili ndefu, akaanza kufuma sweta. Macho kwangu, mdomo unapiga soga, mikono inajiendea yenyewe.

Nikamwambia hiyo kazi ni ya mtu aliyekaa.

Akasema, "Basi kaa."

Nikakaa! Seremala, ambaye tunagawana naye karakana, yeye fremu mimi vitambaa, akaacha kupiga randa. Mama Nyuzi kanipa sindano. Kitanzi cha kwanza kikatoka kama fundo la kufungia mbuzi. Cha pili vilevile. Cha kumi hivi kikafanana na kitu.

Nikamuuliza: mtu kama mimi, miaka ishirini na tatu ya kuvisha makochi, sweta litanichukua muda gani? Kochi lina mikono, lina mgongo, lina kifua. Tofauti iko wapi?

Akanitazama kwa huruma sana. "Tofauti utaiona."

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua. Sweta la mke wangu nitalifuma mimi. Siri. Atalivaa siku ya kurudi kazini.

Nimechagua uzi wa rangi ya manjano, ule wa sufu ya kondoo, laini, nimeupitisha shingoni mwangu mwenyewe kuhakikisha hauwashi. Sufi naijua tangu utoto wa ufundi, ya kujazia mito. Sufu ndiyo mgeni wangu. Herufi moja tu, lakini moja unaikalia na nyingine inakukalia.

Nilitaka kuanza mgongo leo leo. Mama Nyuzi kakataa katakata. Kwanza kipande cha majaribio, ukubwa wa kiganja, ili tujue mkono wangu unatoa vitanzi vingapi. Nikamwambia kitambaa cha kochi hakihitaji majaribio. Akasema kitambaa cha kochi kimeshafumwa na mtu mwingine ambaye alifanya majaribio! Seremala akacheka mpaka akaketi kwenye maranda.

Kipande kimetoka vizuri. Vitanzi ishirini kwa sentimita kumi. Niko nacho mfukoni. Nakitoa, nakitazama, nakirudisha. Kama mtu aliyepewa cheti.

Ijumaa, 14 Machi

Tatizo: vipimo. Nikitoa tepu mbele yake atajua. Gauni lake la bluu lipo kabatini, nimelipima akiwa bafuni. Kifua tisini na nane. Hilo ndilo lengo, maana huyo ndiye mke wangu. Niongeze sita za kupumulia, jumla mia na nne. Mgongo nusu yake, sentimita hamsini na mbili. Vitanzi mia na nne. Hesabu tamu, namba inajirudia yenyewe!

Lakini nataka pia kujua yuko wapi sasa hivi, umbali gani na lile gauni. Nimepata njia. Namkumbatia. Mikono yangu ikimzunguka, vidole vya mkono wa kulia vinaishia mahali fulani kwenye mkono wa kushoto. Naweka akilini, naenda pembeni, natia nukta ya chaki kwenye mkono wa shati. Zamani vidole vilikuwa vinagusana tu. Siku aliyotoka hospitali nilijishika kiwiko. Leo, nusu kidole chini ya kiwiko.

Anashuka! Yaani vidole vinashuka, yeye anapanda.

Nimemkumbatia mara tatu leo ili kuhakikisha. Fundi hapimi mara moja.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbili mbaya. Juzi na jana hakula. Kila kijiko kilirudi. Mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu Januari kumuuguza, alikaa mlangoni na bakuli la supu mkononi hadi likapoa. Mimi nilienda karakana nikafuma. Nilifuma kama mtu anayepanda mlima. Sikusikia hata mteja aliyeingia.

Leo asubuhi kala mayai mawili. Mawili! Kaomba na chumvi. Nimefuma hadi saa tisa huku napiga mluzi.

Kisha nikalaza mgongo mezani, nikapima. Chini sentimita arobaini na tatu. Juu arobaini na saba. Nilitaka hamsini na mbili kote! Vitanzi nimehesabu mara nne, ni mia na nne vilevile, hakuna kilichotoroka. Kitu kimekaa kama kifuniko cha taa.

Seremala kaja, kainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Bwana, hili ni sweta la ndoo."

Jumamosi, 22 Machi

Nyumbani kuna ukimya. Mama mkwe leo kafua nguo. Chakula cha jioni kanitengea bila neno, sahani ikagonga meza. Nikamsalimia, kaitikia kwa pua. Nikaenda kumkumbatia mke wangu na yeye kakauka kama ubao.

Nimekosa nini?

Jumapili, 23 Machi

Niandike hili polepole, maana bado nacheka.

Baada ya chai mama mkwe akasema tukae. Tukakaa. Akatia mkono kwenye khanga, akatoa kitu, akakiweka katikati ya meza kama kete ya mwisho. Kipande changu cha majaribio! Cha manjano, kidogo, laini. Kilikuwa kwenye mfuko wa suruali aliyofua.

"Hiki ni nini, baba?"

Nikasema kitambaa.

"Kitambaa cha mtoto wa miezi mingapi?"

Sikumwelewa. Wallahi sikumwelewa. Nikanyamaza kutafuta maana, na kunyamaza ndiko kulikoniponza. Mama mkwe akasema, "Watu husema mficha uchi hazai. Wewe naona umeficha na umezaa."

Mke wangu alikuwa anatazama mikono yake. Akasema, taratibu kabisa, kwamba alijua. Mwanamume hakumbatii mkewe mara tano kwa siku bure. Ana lake jambo. Anaomba msamaha kabla ya kesi. Akasema hata hakasiriki. Mwili wenyewe huu umebaki mifupa, na yeye alishaujua ugonjwa unavyofukuza watu.

Hapo nikasimama. Siri gani tena! Nilitoka mbio na ndara, nikakimbia hadi karakana, nikarudi na mfuko, pumzi juu. Nikamwaga kila kitu mezani. Mabumba ya uzi, sindano, ule mgongo wa ndoo, shati la kazi lenye nukta za chaki. Nikaeleza yote kwa mkupuo mmoja, kiwiko, nukta, gauni, baridi, Mama Nyuzi. Nadhani niliongea bila kituo hata kimoja.

Mama mkwe akainua shati, akazitazama nukta.

Kisha mke wangu akaanza kucheka. Akacheka akashika mshono wa tumbo, akasema "aa, aa, usinichekeshe, inavuta," akaendelea. Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga, mabega yanaruka. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Halafu mke wangu akachukua ule mgongo, akajipima kwa kuuweka kifuani. Chini ulimkaa sawasawa, mbavu kwa mbavu. Juu ukampwaya.

"Ulipima wapi?"

"Kwenye gauni la bluu."

Akaacha kucheka. Hakuwa na hasira, lakini nilisikia. Akasema, "Huyo wa gauni la bluu hayupo, Fundi. Mimi ndiye niliyepo. Nipime mimi."

Ukweli ni kwamba nimekuwa namkumbatia kwa sababu ya siri, ndiyo, lakini pia kumbatio halina namba. Tepu ina namba. Niliiogopa. Akainua mikono, nikamzungushia tepu, macho yakaniganda. Yeye ndiye aliyeinama akasoma.

"Sabini na tisa. Andika."

Nimeandika. Sabini na tisa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempelekea Mama Nyuzi ule mgongo. Kaupitishia vidole kutoka chini kwenda juu, polepole, kama anayesoma barua. Akagusa chini: "Hapa mkono umekaza. Ulikuwa na wasiwasi." Akapanda. "Hapa bado." Akafika juu. "Hapa ulipata habari njema. Kitanzi kimelegea."

Nikamwambia, mayai mawili.

"Basi yapo hapa, mayai yenyewe." Akanionyesha mstari.

Ndiyo sababu vitanzi vilevile vimetoa vipimo viwili. Sindano ni zile zile, uzi ni ule ule, mtu ndiye aliyebadilika. Kochi halina habari hizi. Ukilikaza ukiwa na huzuni au furaha, pini ni pini.

Nikamuuliza swali lililoninyima usingizi. Nifume la nani? La sabini na tisa litambana akinenepa. La tisini na nane litamcheka kila akilivaa. Na yeye mwenyewe kila wiki ni mtu mwingine.

Akasema kochi halinenepi, mke wangu hunenepa, kwa hiyo nifume kama wanavyofuma wanaojua. Katikati mbele na nyuma kifumo cha kawaida. Ubavuni, kushoto na kulia, kifumo cha mbavu: viwili mbele, viwili nyuma, viwili mbele, viwili nyuma. Kile hujikunja chenyewe, na ukikivuta kinakufuata. Sweta likae sentimita themanini na tano likiwa halina mtu, livutike hadi mia na ushei likiwa na mtu mwenye afya zake.

"Halimsubiri mtu, wala halimkimbizi," akasema. "Linaenda naye."

Nimefumua mgongo wote usiku— hapana, jioni, kabla ya chakula, mke wangu kashika mwisho wa uzi, anazungusha bumba. Kufuma na kufumua, tofauti herufi moja! Siku tano za kazi yangu ziliisha kwa dakika tano, na sikumbuki dakika tano nzuri kama hizo mwaka huu.

Jumamosi, 5 Aprili

81.

Ndiyo taarifa yote. Themanini na moja!

Alhamisi, 17 Aprili

Seremala, baada ya wiki sita za mzaha, kanitolea leo kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Sindano mbili za mti, kazichonga mwenyewe kutoka kwenye kipande kilichobaki cha mguu wa meza, kazipiga msasa mpaka zinateleza kama sabuni. Kasema zile za chuma zilikuwa zinapiga kelele, zinamsumbua. Mwongo! Nilimwona anapima unene kwa macho yangu haya.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nina jina mjini."

Vitanzi vinatoka sawa. Mkono umetulia. Mama Nyuzi kapima vipande vitatu, vyote ishirini kwa kumi. Ameniambia naweza kuacha kujipima kila saa, mimi si mgonjwa.

Jumamosi, 19 Aprili

84. Kilo arobaini na tisa.

Kupima sasa ni shughuli ya nyumba nzima. Jumamosi asubuhi anasimama katikati ya sebule, mimi na tepu, mama mkwe na penseli. Mama mkwe hataki kusikia nusu. Tukisema themanini na tatu na nusu yeye anaandika themanini na nne, eti nusu ni ya njiani, inakuja.

Mkumbatio pia haujaisha. Nilisema sasa tuna tepu, hakuna haja. Mke wangu kasema tepu na mkono ni mashahidi wawili, na kesi bila mashahidi wawili haisimami.

Jumapili, 11 Mei

Mgongo umeisha. Kifua kimeisha. Nimekuwa nafumia nyumbani sebuleni, mchana mwangaza wa dirisha, siri haipo tena. Mama mkwe ananyoosha mikono miwili mbele, uzi umezungushwa, mimi napiga bumba. Akichoka haachi. Anasema mikono hiyo ilimshika mke wangu akiwa kilo tatu, uzi ni nini.

Wiki hii ni mikono ya sweta. Hapo ndipo nimepata somo jingine. Mkono wa kochi ni mkono wa kochi. Mkono wa mtu unafanya kazi! Nilimpima akiwa amesimama, mikono imelala chini kama askari. Nikafuma sentimita arobaini na tatu kutoka kwapa hadi kifundo. Tukashikiza vipande kwa pini, akajaribu. Sawa kabisa. Nikajisifu.

Kisha akainua mkono, hivi, kama anachukua boksi la juu. Sweta likapanda hadi nusu ya mkono na tumbo lote likaonekana.

"Mimi kazini sisimami kama kwenye picha," akasema.

Akanionyesha. Akasimama sebuleni akafanya kazi yake yote hewani: ananyanyua boksi la juu, anainama, anageuza tunda mkononi, analitazama kitako, anaandika, anasukuma. Miezi minne sijaona mwili wake ukienda hivyo. Alikuwa mwepesi! Alikuwa anakumbuka kila kitu! Mama mkwe akawa anampokea maboksi ya hewa, anayapanga kwenye kochi.

Nikampima akiwa kazini. Arobaini na nane. Na kwapani pana zaidi, ili mkono ukipanda usiburute nyumba nzima.

Nimefumua mkono. Bila majuto.

Jumatano, 21 Mei

Wateja wananiuliza sweta limefikia wapi kabla ya kuuliza makochi yao. Mmoja, mwalimu mstaafu, kaketi saa nzima akisimulia sweta alilofumiwa na mkewe mwaka waliooana. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Alivaa miaka kumi na moja akiukunja ule mrefu, hakumwambia. Siku alipomwambia, mkewe akajibu alijua tangu siku ya kwanza, alikuwa anangoja aone atanyamaza mpaka lini.

Nimeenda nyumbani nikapima mikono yote miwili. Tofauti mistari minne.

Nimefumua minne.

Ijumaa, 30 Mei

Kilo hamsini na sita!

Daktari kasoma mzani, kavua miwani, kasoma tena. Kasema aende kazini Jumatatu, asibebe kizito mwezi wa kwanza, na anywe maji. Kisha kamuuliza anakula nini. Mke wangu kajibu kila kitu, na cha mume wangu pia. Ni kweli. Wiki mbili hizi nikigeuka, kipande cha mkate wangu hakipo.

Tumerudi kwa miguu. Hakutaka teksi. Kila aliyetusalimia njiani aliambiwa hamsini na sita, hata muuza magazeti ambaye hatumjui. Yeye kasema hongereni, akauliza ni umri wa nani.

Kifua: 91. Nimeweka sweta mezani, vipande vinne, havijaunganishwa bado. Nimevuta mbavu kidogo kwa vidole. Zinakwenda hadi mia bila kulalamika.

Jumamosi, 31 Mei

Mke wangu kashinda saluni tangu asubuhi. Karudi na misuko mipya, minene, imepandishwa juu kama taji. Sikumtambua mlangoni. Nilisema, karibu mama, fundi yupo. Kanipiga na pochi.

Mimi nimeunganisha mabega na ubavu mmoja. Kushona huku ndiko ninakokujua! Hapa ndipo mikono yangu ilikuwa inangoja tangu Machi. Mama Nyuzi kapita kuangalia, kageuza mshono ndani nje, katafuta kosa. Hakupata. Akabaki anautazama, kisha akauliza kama nina nafasi ya kumfundisha mshono huo. Yeye, aniulize mimi!

Jumapili, 1 Juni

Ubavu wa pili, mikono, kisha ukosi. Ukosi nimeufuma mbavu pia, sentimita sita, unasimama. Nimeufunga kwa nguvu ili usilegee, maana shingoni ndiko baridi inakoingilia.

Limekwisha.

Nililitandika kitandani. Tukasimama watatu tukalitazama. Hakuna aliyeligusa. Mama mkwe akasema, "Lina umbo lake."

Nilitaka alijaribu palepale. Kakataa. Kasema alishajaribu vipande mara ishirini, sasa atalivaa likiwa zima, kesho, akienda kazini, kama ilivyotakiwa. Nilimwambia fundi hapeleki kochi kwa mteja bila kulikalia. Akasema yeye si mteja.

Koti la ghala limepigwa pasi. Gari la kazini litapita saa moja kasoro robo.

Jumatatu, 2 Juni

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa. Naandika herufi kubwa maana miwani yangu ya kufumia siioni. Mama mkwe anaitafuta. Bila miwani siuoni mwisho wa uzi, na bila mwisho wa uzi hakuna kitakachofanyika. Nina dakika moja, naiandika isije ikapotea.

Kavaa. Mikono imepita. Kifua kimepita, kimekaa, mbavu zimemfuata kila mahali — sijawahi kuvisha kitu kikakaa hivyo. Mabega yamepita. Kwapa halibani. Kisha kichwa. Kichwa hakitoki!

Misuko! Nilipima kichwa mwezi Machi, nywele fupi za hospitali. Hakuna aliyefikiria taji. Na ule ukosi nilioufunga kwa nguvu, hauvutiki hata kidogo. Tukalivuta juu, likagoma. Tukalivuta chini, likagoma. Sasa mke wangu kasimama katikati ya sebule, mikono hewani, kuanzia mbavuni hadi juu ni sweta la manjano, na kileleni kinachungulia kichomozo cha misuko.

Mama mkwe alikuja na mkasi. Nilipiga kelele nadhani mtaa mzima umesikia. Mkasi hapana! Ni kitanzi kimoja tu nikikipata, naufumua ukingo, navuta, naufunga tena kwa ulegevu. Dakika kumi. Labda kumi na tano.

"Akili ni nywele," mama mkwe anasema huku anainua mito ya kochi kutafuta miwani, "na huyu kaziongeza zote siku moja."

Gari limefika. Linapiga honi. Honi ya pili. Seremala, anayepita kwenda karakana, nasikia yuko nje anamweleza dereva. Dereva anauliza amekwama wapi. Seremala anasema, ndani ya ufundi wa mumewe. Wanacheka wote wawili, na nasikia milango ya gari inafunguliwa, wenzake wa ghala wanashuka, wanakuja kuona.

Nimemwambia mke wangu avumilie, namtoa sasa hivi, miwani ikipatikana tu.

Sweta likatikisika. Anacheka humo ndani, nimeweka mkono nakisikia kabisa kicheko kinapita mbavuni. Kisha sauti yake, imezibwa na sufu, inatoka pale kwenye ukosi:

"Usinitoe kwanza, Fundi. Huku kuna joto!"